Mama Luhende

Pale Mkolani, mwanamke akishazaa jina lake la ubatizo linawekwa kando. Jirani yetu Bernadeta alimzaa Queen, na kuanzia siku hiyo akawa Mama Queen hata kwa muuza mkaa. Mdogo wangu Dorotea alizaa mtoto wa kiume, Luhende, akabaki vilevile: Bubu. Mtoto naye wakamwita mtoto wa Bubu. Nilipokuja kutoka Magu kumtazama mzazi niliwasahihisha, wakanijibu, "Sasa dada, mbona mwenyewe hasikii?" Wakaona wamesema la maana.

Dorotea hasikii tangu alipougua surua utotoni, lakini midomo anaisoma. Zahanati ya serikali ilimfaa kwa hilo, maana nesi alikuwa akisimama mlangoni na kuita huku anawatazama watu usoni. Tatizo dawa ziliisha, ikabaki foleni tu. Ndiyo miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa tena kufungua zahanati, na mmoja akafungua yake kando ya barabara: benchi jipya, dirisha la mapokezi lenye pazia, na ukutani kipaza sauti. Mtaa mzima ulikisifia kile kipaza sauti. Kilisikika hadi kwenye genge la nyanya.

Luhende alishikwa na homa ndiyo kwanza ameanza kukaa. Baba yake, Yeremia, alipunguzwa kazi kiwandani, akawa yuko machimboni Geita. Dorotea akambeba mwanawe asubuhi, akatoa kadi ya kliniki dirishani, akaonyeshwa benchi. Mama Queen alikuwa ameshakaa pale na kikohozi chake. Akamsogelea vizuri tu, kijirani.

Kipaza sauti kikaita, "Mama Luhende!" Kikarudia. Mama Queen akageuka huku na huku. "Huyo Mama Luhende naye kaenda kunywa chai?" Benchi zima likacheka. Dorotea aliona wanacheka, akatabasamu nao kwa adabu. Wakaitwa wengine.

Alipoona waliokuja nyuma yake wanaingia, alinyanyuka akaenda dirishani kumwonyesha karani mtoto. Mkono ukatoka chini ya pazia ukamwelekeza kwenye benchi. Akarudi kukaa. Kadi yake ilikuwa imeshawekwa pembeni pamoja na za watu wasiokuwepo. Degedege lilipompanda mtoto ndipo watu waliposimama wakapiga kelele, daktari akatoka mbio. Alimkuta Luhende ameshakaza macho. Jioni hakuifikia.

Haya yote aliniambia Mama Queen mwenyewe msibani, analia hadi kamasi. "Mungu shahidi, dada, sikujua kama ndiye yeye. Sisi tunamjua Bubu." Nilitamani kumzaba kibao. Mwanamke anakuja kuomba chumvi kwa mdogo wangu kila mara, mtoto kampakata mapajani, na jina lake hajawahi kuliuliza! Nikamwambia aondoke mbele yangu, akaenda kukaa na wenzake jikoni.

Dorotea akanivuta kanga. Akaniuliza kwa mikono, kwa zile ishara zetu za nyumbani: yule daktari alimkataa mwanangu kwa nini? Kumbe siku zote hizo aliamini kwamba walimwona, wakamkataa. Ningeweza kumwacha aamini hivyo. Lakini nilikuwa na hasira, na nilidhani ukweli ungemsaidia awachukie wanaostahili.

"Hawakumkataa," nikamwambia polepole ili anisome. "Walikuita. Kwa jina la mtoto, kwenye lile dude la ukutani. Waliokaa na wewe hawakujua kama ni wewe."

Akanitazama mdomoni, akataka nirudie. Nikarudia. Jikoni hata hakuangalia. Akaanza kujipiga masikio kwa viganja, kulia na kushoto, kwa nguvu zake zote, wanawake wakapiga mayowe. Nikamkamata mikono yote miwili. Akanikodolea macho, anataka kusema kitu, na mikono ndiyo anayosemea, ikabidi nimwachie.

Akajipiga tena.