Gari la Daktari wa Meno

Mwanamume akistaafu, wenye busara humtafutia kiti kizuri na kumweka kivulini. Mume wa Fundi hakutafutiwa kiti, akajitafutia gari. Tena si gari la watu wa kawaida, la kwenda nalo mahali na kurudi. Thubutu! Ni gari la Kiingereza lenye umri wa miaka sitini na ushee, ambalo mara ya mwisho kuwaka binti yao mkubwa alikuwa hajaota meno, na leo binti huyo ana watoto watatu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kuhusu kidonda cha zamani, hawakutuachia neno.

Fundi mwenyewe alikuwa fundi cherehani, na mahali pake pa kazi palikuwa gereji ya nyumba yao. Miaka ishirini na miwili gereji ile haikuwahi kuona tairi. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu cha wateja kujitazama na kujidanganya, na nguo zilizoning'inizwa hadi darini. Kulikuwa pia na benchi la wateja, na tangu mumewe astaafu miezi mitatu iliyopita, benchi hilo lilikuwa na mteja wa kudumu asiyeleta kitambaa.

Mteja huyo alikuwa msoma mita za maji. Miaka thelathini na moja alipita lango kwa lango, akainama, akaandika namba, akafukuzwa na mbwa, akaenda lango la pili. Mtaa mzima ulimwita Bwana Mita. Imani yake ilikuwa moja tu, kwamba watu husema uongo lakini mita haisemi, na imani hiyo ilimgombanisha na nusu ya mji.

Basi siku moja, akiwa papo hapo kwenye benchi, Bwana Mita akakohoa kidogo.

"Gari lile likija," akasema, "itabidi likae humu."

"Humu wapi?"

"Humu gerejini. Gereji si ya gari?"

Fundi alikuwa na pini nne mdomoni, na ni hizo tu zilizomwokoa mumewe. Akazitoa moja moja.

"Na mimi nikae wapi? Kwenye buti?"

"Sebuleni kuna nafasi tele, mke wangu."

Nafasi tele! Sebuleni kulikuwa na makochi, televisheni, na picha ya marehemu mama mkwe akimtazama kila aingiaye. Ni mteja gani angekuja kuvua blauzi yake hapo apimwe kifua? Fundi alijua hesabu hiyo bila kalamu: cherehani zikiingia sebuleni, wateja wataacha kuja, na ndani ya mwaka mmoja atakuwa bibi wa kushona vifungo vya wajukuu. Alipomlalamikia binti yao kwa simu, binti akajibu, "Mama, mwache baba naye apate kitu cha kufanya." Asante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie.

Jumamosi alasiri Fundi akaweka mkasi chini. "Haya. Twende nikamwone mke mwenzangu."

Alikuwa na lake jambo. Fundi hakupokea nguo ya kurekebisha bila kwanza kuigeuza ndani nje mbele ya mwenyewe na kutaja kila kasoro kwa sauti, ili kesho asije akalaumiwa. Wateja walimwogopa kwa hilo. Kuna suruali zilizoingia gerejini kwa maringo zikatoka zimeinamisha kichwa. Hivyo hivyo ndivyo alivyonuia kulifanyia gari lile.

Gari lilikuwa nyuma ya kliniki ya daktari wa meno, chini ya turubai. Daktari, kijana mwenye meno ya kupigiwa mfano, alilirithi kwa mjomba wake, na wiki hiyo peke yake alikuwa amempigia Bwana Mita simu mara nne. Chema chajiuza, alisema Fundi moyoni, kibaya chajitembeza.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," akasema daktari, kisha akalifunua turubai taratibu kama anayemfunua bibi harusi.

"Marahaba," akajibu Fundi. "Pole na msiba."

Lilikuwa la kijani, ukiliangalia ukiwa umefumba jicho moja. Lilikuwa na taa ya mbele moja. Mlango wa kushoto ulishikiliwa kwa waya.

"Waya huo ni wa muda tu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za mjomba."

Fundi akazunguka. Chini ya mlango aliona doa la kahawia, akalibonyeza kwa kidole, na kidole kikaingia chote.

"Hiyo ni kutu kidogo," akasema daktari.

"Nimekuelewa, mwanangu. Gari ndilo kidogo, kutu ndiyo nyingi."

Wakafungua boneti. Nusu ya injini ilikuwepo. Nusu nyingine ilikuwa kwenye beseni pembeni, imefunikwa gazeti.

"Lakini ng'ombe hazeeki maini, mama. Likiunganishwa hili, linanguruma."

"Huyu ng'ombe ameshachinjwa, daktari, na nyama ndiyo hiyo kwenye beseni. Vipuri vinapatikana wapi?"

"Vinaagizwa huko huko Uingereza."

"Na huko vipo?"

Daktari akajikuna shingo. "Huko nao wanavitafuta."

Fundi alikuwa akifurahi jamani, tusifichane. Miezi hajafurahi hivyo. Aligeuka amtazame mumewe, aone kama dawa imeanza kuingia, akamkuta ameketi kwenye kiti cha dereva, mikono miwili juu ya usukani, uso umeng'aa kama wa mtoto aliyenunuliwa viatu. Alikuwa ameinama kwenye dashibodi ya mbao, anasoma.

"Mke wangu, njoo uone! Maili elfu thelathini na moja! Halijatembea hili. Elfu moja kwa kila mwaka niliokwenda kwa miguu. Hebu niambie hiyo si ishara!"

"Mjomba alilitoa siku za Jumapili tu," daktari akadakia.

Fundi akaingiza kichwa dirishani. Mita walizijua wengine, yeye alijua kuvaliwa. Mpira wa kanyagio la klachi ulikuwa umelika hadi chuma. Kwenye usukani, pale mikono ya dereva inaposhika, palikuwa pamekonda. Pale kiwiko kinapoegemea mlangoni palikuwa na kishimo. Na kiti kile cha ngozi kilikuwa kimeshonwa upya ubavuni, si mara moja, mara mbili, kwa nyuzi mbili tofauti. Kitu hakichakai hivyo kwa Jumapili za mjomba. Mita ilikuwa na tarakimu tano. Ilikuwa imefika mwisho, ikarudi kwenye masifuri, ikaanza upya, na ni Mungu peke yake aliyejua ni mara ngapi.

Neno moja tu, na gereji imebaki yake. Lakini alimtazama yule mzee amekaa pale, ameshika usukani usiopeleka mtu popote, na ikamuuma. Kumwambia Bwana Mita kwamba mita imesema uongo ni kumwambia sheikh kibla kiko upande wa pili. Ikamuuma kweli, lakini cherehani zilimuuma zaidi, na ulimi wake tangu azaliwe haujui breki.

"Mume wangu," akasema, "hiyo mita yako imejaa ikaanza upya. Hili gari limetembea kuliko hata umbea wa mtaani kwetu. Tazama klachi. Tazama hapa palivyoshonwa. Miaka thelathini na moja unasoma mita, leo umesomwa wewe."

Daktari akakumbuka ghafla kwamba ameacha mgonjwa mdomo wazi, akatoweka.

Bwana Mita hakugeuka. Alikifuta kioo cha mita kwa kidole gumba, polepole.

"Mita ya tarakimu tano ikijaa inarudi sifuri," akasema. "Nani alikufundisha hilo?"

Fundi akamtazama mumewe. Kumbe ni yeye. Nani mwingine? Miaka yote hiyo mezani, anakula huku anamweleza mita za watu.

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza nilipoliona. Mimi? Mita inidanganye mimi?" Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Gari nimelipenda, sitakudanganya. Lakini najua halitengenezeki hili."

"Sasa gereji yangu uliitaja ya nini? Wiki nzima sijalala kwa ajili yako!"

"Miezi mitatu nakwambia twende tukatembee, unaniambia ngoja nimalize pindo. Nakwambia twende tukamwone dada yangu, unasema kuna gauni la mtu. Nakaa kwenye lile benchi na wateja wako, wanaingia, wanapimwa, wanaondoka, mimi nabaki. Nikasema basi, nitataja gereji." Akaangusha mikono mapajani. "Na kweli. Wiki haikuisha ukaacha mkasi."

Aibu ilimpanda Fundi mpaka masikioni. Akazunguka hadi upande wa pili, akaufungua ule waya, akaingia, akaketi kando ya mumewe. Springi ya kiti ikamchoma, hiyo hakuihesabu kwenye kasoro.

Mbele yao kulikuwa na ukuta wa kliniki na ndoo.

"Kesho sifungui," akasema Fundi.

"Kesho Jumapili. Hata hivyo hufungui."

Jumatatu Fundi alikuwa na wateja sita wa kupimwa, na wa kwanza ni mke wa mkuu wa shule, mwanamke asiyesahau wala kusamehe.

"Basi Jumatatu," akasema.