Kamera Mbili na Mwalimu Aliyebana Pumzi

Kamera ya Bi Tulia ilikata roho Jumatatu saa nne asubuhi, mbele ya karani wa benki aliyekuwa amekwisha kaa kwenye stuli, kidevu juu, akisubiri kupigwa picha ya kitambulisho cha kazi. Bi Tulia alibonyeza kitufe. Badala ya ule mlio wa "kacha!" uliozoeleka, kukatoka sauti ya kitu kinachokwaruza, kisha kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Ndani, kile kioo kidogo kinachoruka juu kila picha inapopigwa kilikuwa kimenasa katikati, hakipandi wala hakishuki.

Jina la Bi Tulia alipewa na wateja, maana kwa miaka kumi na saba hakuna neno alilolisema zaidi ya hilo: "Tulia... tulia hapohapo..." Siku hiyo mwenyewe hakutulia. Aliikimbiza kamera kwa fundi. Fundi akaifungua, akaichungulia kwa tochi, akatikisa kichwa.

"Hii imepiga picha laki nne na ushee," alisema. "Iache ipumzike, mama."

Kutoka hapo alienda moja kwa moja kwa muuza kamera, mwanamke mwenye maneno mengi ambaye hakupenda kumwona mteja akisitasita dukani kwake. Bi Tulia alisimama mbele ya kabati la vioo akisitasita nusu saa nzima. Mwishowe muuza kamera akatoa kamera mbili, akazisukuma mezani.

"Chukua zote. Kaa nazo mpaka Alhamisi. Utakayoirudisha ndiyo hukuipenda. Sasa nipishe, nina wateja."

Ya kwanza ilikuwa DSLR, ndugu wa damu wa ile marehemu: nyeusi, nzito, ina kioo chake ndani, na zile lenzi tatu za zamani za Bi Tulia ziliingia bila ubishi. Ya pili ilikuwa mirrorless, yaani haina kioo kabisa. Ilikuwa ndogo, nyepesi, na ili ikubali lenzi za zamani ilibidi ivalishwe kiungo cha chuma shingoni.

Studio ilikuwa chumba kimoja tu. Nyuma kulikuwa na pazia la buluu, stuli na taa mbili. Kona ya kulia ilikuwa ya mdogo wake, mpambaji, pamoja na kioo chake na vikopo vya poda. Mlangoni kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwepo mjomba. Mjomba ndiye aliyeianzisha studio ile na ndiye aliyemfundisha Bi Tulia kazi. Alistaafu miaka sita iliyopita, ila alisahau kwenda nyumbani.

"Nipe hiyo ndogo niione," alisema mjomba Jumanne asubuhi. Akaipima mkononi. "Hii kamera au sabuni? Mteja akuone umeshika hiki, atajua umekuja kuoga."

"Chungulia kwanza, mjomba."

Mjomba akaweka jicho, akalitoa upesi kama aliyechomwa. "Mbona humu kuna televisheni?"

"Ndiyo inavyofanya kazi. Unaiona picha itakavyokuwa kabla hujaipiga."

"Nikishaiona kabla sijaipiga, naipiga ya nini?"

Mpambaji alicheka mpaka akamwaga poda. "Dada, chukua hiyo ndogo," alisema. "Kila Jumapili unarudi harusini umeshika shingo. Na kwenye begi inapendeza."

"Kamera haichaguliwi kama pochi!" mjomba akafoka.

Wakiwa bado wanavutana, mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu mkuu mstaafu. Wote watatu wakanyamaza kwa pamoja, hata mjomba, ambaye hakuwahi kufundishwa naye. Nusu ya mtaa ule ilipitia mikononi mwa mzee huyu, Bi Tulia na mdogo wake wakiwemo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Simama wima, binti, unajikunja kama alama ya kuuliza. Nimekuja kupiga picha ya kitambulisho cha wastaafu."

Alikuwa amevaa shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Akaketi kwenye stuli, akaweka mikono juu ya magoti. Bi Tulia akapiga moyo konde, akachukua ile mirrorless. Mwalimu akavuta pumzi ndefu, akaibana.

Bi Tulia akabonyeza. Hakukusikika kitu. Ndani ya kamera aliona kipande cha mraba kikiruka chenyewe na kuganda juu ya jicho la mwalimu, na mwalimu alipotikisika kidogo, kikamfuata. Kamera yake ya zamani haikuwahi kumfanyia hisani kama hiyo. Akabonyeza tena, kisha tena. Akasogea kushoto, kipande kile kikang'ang'ania jicho lilelile. Alinogewa, akasahau kabisa kwamba nyuma ya lile jicho kulikuwa na mtu.

"Dada!" mpambaji akapiga kelele. "Mwalimu huyo!"

Mishipa ya shingo ya mwalimu ilikuwa imesimama na macho yamemtoka. Mara akaachia pumzi, "Puu!", akayumba, na kama si mjomba kumdaka kwapani angefika chini pamoja na stuli.

"Unangoja nini?" mwalimu akauliza akihema. "Siku zote hizi unangoja nini?"

"Nimeshapiga, mwalimu. Mara kumi na nne."

"Umepiga nini na sijasikia?"

"Hii haina mlio."

"Sasa mtu atajuaje kwamba imekwisha?"

"Mwulize vizuri, mwalimu!" alisema mjomba, uso umemchanua kwa furaha. "Mwulize!"

Walizitazama zile picha kumi na nne. Zote zilikuwa za mtu anayezama kwa heshima. Mjomba hakungoja kuombwa. Alinyakua ile DSLR, akamketisha mwalimu upya, akalenga. *Kacha!* Mwalimu alipousikia mlio akashusha pumzi, akaanza kunyanyuka.

"Hiyo ndiyo picha," alisema. Uso ulikuwa uleule, ila huyu alikuwa amezama muda mfupi zaidi.

"Samahani, mwalimu," Bi Tulia akauliza. "Kwa nini unabana pumzi?"

Mwalimu akatoa pochi, akapanga mezani vitambulisho vyake vya tangu ujana. Nywele zilipungua kutoka kimoja hadi kingine, lakini uso haukubadilika hata chembe. Akaeleza kwamba alipigwa picha mara ya kwanza akiwa darasa la pili. Mpiga picha aliwaambia watoto wote arobaini kwamba atakayepumua ataharibu picha ya darasa zima.

"Nikatii," alisema mwalimu. "Na hakuna aliyewahi kuniambia niache."

Mjomba alikuwa ametoa macho. "Mpiga picha huyo, alikuwa anajifunika kitambaa cheusi? Ana kibiongo kidogo?"

"Huyohuyo."

"Ndiye aliyenifundisha kazi! Maneno hayo alikuwa anamwambia kila mtu!"

"Basi utaijua habari ya kuku," alisema mwalimu.

"Kuku gani?"

Mwalimu akajisahau pale kwenye stuli. Akasema kuwa siku ile, watoto wote wakiwa wamebana pumzi, kuku wa mlinzi wa shule aliingia chini ya kile kitambaa cheusi pamoja na mpiga picha. Kitambaa kikaanza kucheza. Mara kinavimba huku, mara kinachomoza kule. Na kutoka ndani mpiga picha akawa anapaza sauti, "Msipumue! Msipumue!" Watoto arobaini, mashavu yamejaa kama maputo, wakitazama mabawa upande mmoja na miguu ya mtu upande mwingine.

"Na... na hatukupumua!" mwalimu akamalizia, na hapo kicheko kikamshinda. Alicheka akajishika mbavu, akacheka akafuta machozi kwa mkono wa shati, kifungo cha juu kikafunguka chenyewe. Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, hana nguvu.

Bi Tulia alikuwa bado ameshika ile kamera ndogo. Hakusema "tulia." Aliinyanyua taratibu, akabonyeza, na hakuna aliyejua.

Alipomwonyesha mwalimu picha kwenye skrini ya nyuma ya kamera, mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mwalimu."

Akaisogeza kamera karibu na macho. "Kumbe nina pengo upande huu," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaichukua picha iliyopigwa na mjomba kwa ajili ya kitambulisho, maana ofisini hawataki mtu anayecheka, na ile nyingine akaomba aifikirie kwanza.

Jumatano Bi Tulia alifanya kazi kwa zamu, mara hii, mara ile. Betri ya mirrorless iliisha kabla ya saa saba mchana, na mjomba akapiga makofi. DSLR ilikaa siku nzima bila kuomba kitu. Lakini mtoto mchanga aliyeletwa amelala alizinduka kwa "kacha!" ya kwanza, akalia robo saa, na safari hii mpambaji ndiye aliyepiga makofi. Bi Tulia akashika tama, asijue aegemee wapi.

Alasiri mke wa mwalimu akaja peke yake, bado ana khanga ya jikoni kiunoni.

"Mzee wangu ameniambia kuna picha hapa anaifikiria," alisema. "Nionyeshe."

Akaonyeshwa. Hakuketi.

"Mimi nimekaa na huyu miaka arobaini na mmoja," alisema. "Jikoni anacheka. Bafuni anacheka. Akiona kamera tu, anakufa. Ukutani kwangu ananitazama kama nimechelewa darasani. Wewe ulimfanyaje?"

"Sikumfanya kitu, mama. Hakujua tu kwamba napiga."

"Nitolee kubwa. Kubwa kabisa. Yeye aendelee kufikiria."

Alhamisi Bi Tulia aliirudisha ile DSLR dukani. Mjomba alimnunia mpaka chai ya jioni, kisha akauliza, kana kwamba si yeye, kile kipande cha mraba kinajuaje jicho liko wapi. Ijumaa alikutwa mlangoni akiwafuata wapita njia kwa kamera, mmoja baada ya mwingine, akinong'ona, "Kimemkamata. Kimemkamata na huyu."

Jumamosi asubuhi mwalimu akarudi na ukoo mzima, watu kumi na tisa kwa hesabu yake, naye akiwemo, wamepangana kwa urefu tangu barabarani. Stuli haikutosha, benchi halikutosha, pazia la buluu halikutosha. Mpambaji alihangaika na poda toka paji hadi paji, mjomba akawapanga mistari kwa ukali wa mtu aliyerudishwa kazini, na mke wa mwalimu akamkanyaga mumewe mguu kila alipoanza kuvuta pumzi.

Picha ile ilitoka vizuri. Ina watu ishirini. Wa ishirini ni mjomba, aliyejipenyeza mstari wa nyuma bila kualikwa na mtu, meno yote nje.