Sadoki Anafunga

Mume wangu Sadoki hajawahi kufunga tangu nimjue. Hata Ijumaa Kuu hutafuta kipande cha nyama. Kwa hiyo asubuhi ile ya Kwaresima aliposogeza kikombe cha chai pembeni na kusema, "Mama Joel, leo nafunga," nikajua kuna jambo.

Dalili nilikuwa nazo wiki nzima. Simu alikuwa anaipokelea nje, huko kwenye migomba. Jana yake alijifungia bafuni na wembe, akatoka na ndevu zake zote. Fundi gereji wa mtaa wa Sakina, baba wa watoto wanne, anajinyolea nani? Niliumia, nasema kweli. Na mimi nikiumia sikai. Kitinda mimba wetu, Blessing, nikamwacha kwa jirani, nikajitanda kanga, nikamfuata.

Hakwenda gereji wala kanisani. Aliingia zahanati. Kumbe ameshaokota ugonjwa huko, nikajisemea, sasa ataniletea.

Nikasimama nje ya chumba alichoingia, mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Nesi alikuwa anamuuliza, "Mkeo anajua?"

"Nimemwambia nafunga."

"Umemwambia unafunga nini, baba?"

Nesi akamweleza upya, taratibu: inafungwa mirija ya mbegu tu, hahasiwi, hageuki maksai, ila asitegemee kuja kufunguliwa. Ana uhakika?

"Huyu wa mwisho alipozaliwa, mama yake alitokwa damu mpaka akawa hanijui," Sadoki alisema. "Daktari akaniambia mimba nyingine itamuua. Sindano zimemkataa, vidonge vinampandisha presha. Nimebaki mimi."

Lakini roho yangu ni mbaya, haikuchelewa: mwanaume aliyefungwa atazurura Arusha nzima, na nitajuaje, wakati hakuna mwanamke atakayekuja kuniletea mtoto mlangoni? Nikausukuma mlango.

Sadoki alisimama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu.

"Kwa nini hukuniambia wazi?" nikamuuliza.

"Ningekwambia, ungesema nataka kutembea nje bila kuacha alama."

Nesi akaniangalia. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitasa.

"Nenda kafunge, baba Joel," nikamwambia, nikakaa kwenye benchi. "Na mimi nafunga mdomo."