Nyumba Aliyehamishwa Ngeli

Jumatatu saa mbili asubuhi fundi chokaa aliegemeza ngazi kwenye nyumba ya shangazi yake, akaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Mwaka uliopita ofisi ya majengo ya kale iliipiga lipu ya saruji juu ya chokaa yake, ipendeze kwenye picha. Tangu hapo nyumba ilikuwa na pumu. Ikivuta pumzi, mapazia yalinata dirishani. Ikikohoa, vikombe vilihama rafu.

"Leo imeniangushia birika," shangazi alisema.

"Saruji imeiziba, shangazi. Chokaa hupitisha hewa."

"Si uibandue?"

"Bila kibali watanifunga mimi, saruji wataiacha."

Akaandika barua ya kuomba kibali. Nyumba aliipenda, na kalamu ya mwenye kupenda huteleza: "Nyumba hii ina miaka mia mbili na anapumua kwa shida."

Karani wa majengo ya kale alikuja mwenyewe. Akaweka sikio ukutani, akatazama saa.

"Pumzi ishirini na nane kwa dakika. Kweli anapumua. Basi si wetu. Sisi tunahifadhi majengo."

"Bwana karani, ni herufi moja tu!"

"Fundi, mbuzi amepotea, unamtafuta malishoni. Mbuzi imepotea, unaitafuta jikoni. Herufi moja hiyo."

Jalada likapelekwa idara ya mifugo. Daktari wa mifugo akampima nyumba Jumatano, akamwona mzima isipokuwa kifua. Kubandua saruji hakuweza kuruhusu, kwa kuwa saruji ilikuwa mali ya ofisi ya majengo. Tena sheria ilikataza kufuga mjini mnyama aliyemzidi kondoo. Aondoke kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo achinjwe.

"Nimezaliwa humu," shangazi alisema. "Nami simshuki."

Ijumaa asubuhi daktari alifunga kamba kwenye nguzo ya baraza, akavuta kidogo. Nyumba akasimama, akakung'uta udongo wa msingi, akafuata. Shangazi alikaa ndani akishikilia kabati la vyombo. Fundi alitembea nyuma na ngazi begani. Njiani waliwakuta mafundi wa ofisi wakikoroga saruji ya nyumba ya tano. Wakasogeza ndoo zao, nyumba apite.

Nje ya mpaka wa mji hapakuwa na ofisi ya majengo. Daktari akafungua kamba, akawatakia afya njema. Fundi akapanda na patasi. Kufikia alasiri ukuta mmoja ulikuwa wazi, na nyumba akavuta pumzi ndefu hata milango yote ikafunguka kwa ndani.

"Alhamdulillahi, amepona," fundi alisema.

Shangazi akachungulia dirisha la kushoto, akaenda akachungulia la kulia. Kote kulikuwa na nyasi tu.

"Amepona, mwanangu," akasema. "Sasa nikiishiwa chumvi, nigonge kwa nani?"