Kipimo cha Dawati

Nthoki alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa magoti. Ukumbi wa kanisa pale mtaa wa Jericho, Nairobi, alikuwa ameupata. Mwalimu Bwire alikubali kufundisha. Masomo yasiyohitaji maabara yalikuwa yamechaguliwa, na vipindi vikawekwa Jumamosi alasiri, ili hata wale wanaorudi mtaa wa Mukuru kwa Njenga kwa miguu kutoka viwandani wapate kupitia. Ilikuwa kozi ya watu wazima walioacha shule zamani na sasa wanautaka mtihani wa kidato cha nne kabla mvi hazijawamaliza. Madawati waliazima kwa watoto wa chekechea, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Sylvance, dereva wa lori mwenye mwili wa kutosha, alijipenyeza kwenye dawati siku ya kwanza akakwama. Watu walicheka mpaka machozi. Yeye mwenyewe alicheka huku akivutwa, akajipangusa suruali, akaenda zake, na hakuonekana tena. Wiki iliyofuata nusu ya darasa ilikuwa imemfuata.

Mwenyekiti wa kanisa naye si mtu wa kubembelezwa. Alimwambia Nthoki kwamba Jumamosi ijayo atapita, na asipokuta watu wameketi wanasoma, ukumbi utapewa kwaya, na maneno yaishie hapo.

Jambo hilo lilimuuma Nthoki kuliko watu walivyodhani. Wote walimwita Mwalimu, kwa vile mipango yote ilikuwa yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama alimaliza shule. Hakumaliza. Aliishia kidato cha tatu. Mama yake, Kamene, ndiye aliyemtoa darasani akampeleka mtaa wa Tena kulea watoto wa shangazi. Mama huyo huyo, yaani, ambaye kila asubuhi alimfunga mshipi wa sare, akauvuta kwa nguvu, halafu akampiga kofi dogo mgongoni, maana yake haya, nenda sasa.

Mshipi ule Kamene aliuhifadhi miaka yote. Mwaka jana, akiwa mahututi kitandani, aliutoa chini ya mto akamnyooshea binti yake.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Rudi ukamalize."

Nthoki alinyoosha shuka, akamwambia apumzike. Hakuongeza neno. Mama alipokufa, Nthoki aliuweka mshipi ndani ya jeneza kwa mkono wake mwenyewe, na tusidanganyane, haukuwa upendo. Aliutia humo ili asiuone tena. Wakaenda kumzika kijijini kwao Mwala, udongo ukarudishiwa, watu wakala wakatawanyika.

Basi alipohitaji madawati ya watu wazima, Nthoki alikwenda nyuma ya soko kwa fundi Tobias, anayetengeneza majeneza. Mkewe Tobias, Adongo, alikuwa mwanafunzi katika kozi hiyo, kwa hiyo fundi alikubali kutumia mbao zilizosalia. Alitaka tu vipimo. Nthoki, kwa akili yake yote, akawaambia wanafunzi wapite kwa fundi wapimwe.

Ni nani huyo atakayekwenda kupimwa na mtu wa majeneza akiwa bado anapumua? Hakwenda hata mmoja. Adongo mwenyewe alisema atampikia Tobias, atamfulia, atamzalia, lakini akimwona anamsogelea na futi mkononi atarudi kwao siku hiyo hiyo.

Katikati ya juma Nthoki alikwenda kumwambia fundi aache tu. Alikuta madawati yamekwisha kutengenezwa. Yalikuwa yamepangwa karakanani kwa safu, kila moja na kiti chake, yamepigwa msasa na vanishi. Moja lilikuwa pana, la mtu wa kiasi cha Sylvance. Jingine lilikuwa limeinuliwa kidogo upande wa kulia, na Nthoki alimjua mwanafunzi mwenye mguu usiokunjika. Akamuuliza Tobias vipimo alivitoa wapi.

Tobias alishangaa. Alisema, si Nthoki mwenyewe aliyemtuma yule mama? Mama mzee wa Kikamba, kilemba cha kijani, pengo la jino la juu, mpole sana. Alikuja mchana kweupe, akakaa pale kwenye rundo la mbao, akamtajia kila mtu alivyo, mrefu, mfupi, mnene, bila kubahatisha. Dawati moja tu ndilo alilolitolea kipimo hasa, akasema litangulie.

"Alisema nitengeneze la huyu kwanza," Tobias alieleza. "Eti huyu akishakaa, wengine watakaa."

Kisha akatoa msumarini kipimo chenyewe. Ulikuwa mshipi wa sare, wa kitambaa, umepigwa mafundo mawili, moja la urefu wa kiti, jingine la goti. Kwenye pindo kulikuwa na jina kwa wino wa kalamu, herufi zimepinda vile Kamene alivyoziandika ili mshipi usiibwe shuleni. NTHOKI. Na kwenye mafundo kulikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi.

Hakuugusa ule mshipi. Alimwambia fundi aurudishe msumarini, akatoka bila kuaga.

Jirani yake Kaluki, alipohadithiwa, hakuzunguka. Alimwambia asithubutu kukalia kitu hicho. Kilemba cha kijani ndicho alichozikwa nacho Kamene, na wote wawili walikuwepo walipomfunga. Mtu aliyekufa kabla mwanawe hajamsamehe huja kumchukua mwana huyo, Kaluki alisema, na fundi ni yule yule: leo dawati, kesho sanduku. Nthoki hakulala vizuri tena juma hilo.

Jumamosi Tobias aliyaleta madawati ukumbini, na wanafunzi walikuja wengi, hata Sylvance, maana habari ya madawati ilikuwa imeenea. Lakini walijipanga ukutani wakasimama. Ukumbi mzima ulinuka vanishi, ile ile wanayoijua kutoka kwenye misiba yao. Adongo alilitazama dawati alilomtengenezea mume wake kana kwamba linamtazama. Bwire alisimama ubaoni na chaki yake, akawakaribisha waketi, akawakaribisha tena. Nje mwenyekiti alikuwa amefika na kwaya, walikuwa wanasikika wakisafisha koo.

Macho yote yakamgeukia Nthoki. Dawati lake lilikuwa mbele kabisa, peke yake. Angeweza kugeuka aende nyumbani, abaki hai na abaki Mwalimu, na ukumbi uende. Aliogopa. Lakini alimwona Sylvance ameshika daftari jipya kwa mikono miwili, akajikuta anasema.

"Mimi sikumaliza. Niliishia kidato cha tatu. Msiniite Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Nthoki alitembea mpaka mbele, akaketi.

Lilimkaa. Magoti yaliingia, viwiko vikapata mahali pake, mgongo ukaegemea. Kisha akasikia kiuno kinabanwa. Kitu chembamba kilizunguka, kikakutana mbele, kikavutwa kwa nguvu mpaka akashusha pumzi. Alijitazama. Hapakuwa na kitu, ila gauni lake lilikuwa limeingia ndani kiunoni kwa mkunjo mwembamba, kama lililofungwa. Nyuma yake palikuwa wazi, wenzake wote walikuwa bado ukutani. Aliingojea mikono ile imvute chini, imchukue. Machozi yalimtoka.

"Nimekusamehe, mama," alisema polepole. "Nimekusamehe. Nilikusikia siku ile."

Mbano ulilegea. Halafu kofi dogo likampata mgongoni.

Nthoki hakugeuka. Alifungua daftari. Nyuma yake aliwasikia wakianza kuketi, mmoja baada ya mwingine.