Namba Kumi na Tatu Haiui

Siku ya soko, Delfina Ghigo aliingia chumba cha nyuma cha duka la vifungo, akafunga mlango kwa mgongo. Humo ndimo Ottavia Brezzo alimosomea watu taroti, karata za kubashiri, kwa miaka thelathini na mmoja, na mji mzima wa Pinerolo ulimjua.

"Mume wangu anakuja saa nne," Delfina alisema. "Kifua kinambana, mkono wa kushoto unakufa ganzi. Habari za daktari hataki hata kuzisikia. Kasema karata zikimwambia, ndipo ataenda hospitali. Mtishe, dada yangu. Nakuomba."

"Mimi karata sichakachui."

"Hata uongo mmoja?"

"Hata nusu."

Ottavia alikuwa na maadui wawili tu duniani: panya, na mtu anayeamini kwamba karata namba kumi na tatu ni kifo. Ile picha yake ya mifupa ya mtu yenye fyekeo ilikuwa imemharibia wateja wengi. Bibi mmoja aliiona akaruka dirishani na kiti chake. Bwana mwingine aliandika wosia papo hapo, kwenye karatasi ya soseji, akamwachia mbuzi jirani aliyemchukia. Kila mara Ottavia alihubiri: si kifo, ni mabadiliko, kitu kinakwisha ili kingine kianze. Wengine walidai taroti ya kununua haisemi kweli, sharti uzawadiwe. Yake aliinunua mwenyewe pamoja na kiberiti.

Secondo Ghigo, muuza jibini, alifika akihema kama ng'ombe anayepanda mlima. Kulikuwa na baridi, naye alitoka jasho. Taroti, ambayo huko pia ni mchezo wa karata, aliicheza baani tangu ana meno ya utoto, na kwake yeye wanadamu ndio waongo, si karata.

"Haya, mama mchawi, nipigie karata."

"Mchawi shangazi yako. Kata karata kwa mkono wa kushoto."

"Huo leo haunisikii." Akakata kwa wa kulia.

Ottavia akafunua ya kwanza. Akafunua ya pili. Ya tatu ikawa kumi na tatu, imetoka yenyewe, bila hila ya mtu.

Secondo akasimama, kofia mkononi. "Basi. Nimekubali. Delfina yuko nje na gari, anipeleke hospitali sasa hivi."

Hapo kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Mtu angetoka, gari lingewaka. Lakini ulimi wa miaka thelathini na mmoja hauna breki.

"Keti, mjinga wee! Unaicheza kila Jumapili, umewahi kuzikwa?"

"Aa, mchezoni ni turufu tu. Inaila namba kumi na mbili."

"Umeona! Haiui mtu. Ni mabadiliko, Secondo. Jambo la zamani linakwisha."

Rangi ikamrudia mashavuni. Midomoni haikurudi, midomo ilibaki ya majivu. Ottavia aliiona. Kisha akainamia tena karata zake.

Secondo akatoka anacheka, akampita mkewe garini. "Mabadiliko, mke wangu! Mtaalamu kasema!" Akavuka barabara kwenda baani. Mzunguko wa tatu wa mchezo akainamia meza, karata kifuani. Wenzake wakadhani anazificha. Wakamngoja acheze. Wakamngoja, wakamtukana kidogo, ndipo mmoja akamgusa.

Alizikwa Jumanne. Ottavia alisimama nyuma kabisa, karibu na lango la makaburi, na watu walipotoka Delfina alimfuata palepale. Hakupiga kelele.

"Nilikuja kwako kuomba hofu, Ottavia. Hofu tu. Wewe ukampa elimu."

Ottavia akafungua mdomo ajieleze. Kila neno alilolipata lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa pale. Delfina alimtazama, akasubiri, na watu nyuma yao wakaanza kusimama nao wasikie jibu.