Masikio ya Farasi wa Isihaka

Kitu cha kwanza alichokiona Eliwaza kilikuwa masikio. Katika picha moja farasi wa mbao alikuwa na masikio marefu, yamesimama kama miiko. Katika nyingine masikio yalikuwa mafupi, na katika nyingine tena yalifunikwa na manyoya ya katani. Picha zote zilikuwa zimemwagwa juu ya meza ya randa, na hakuna hata moja iliyoandikwa tarehe mgongoni.

Mzee Isihaka, seremala aliyejenga bembea ya kuzunguka pale Same, nyuma ya stesheni, aliziinua moja moja akazirudisha. Mfanyabiashara mmoja wa Mwanga alikuwa ameomba kiwanja kile kile, akasema mpaka mwaka wa hamsini na tano palikuwa pori tupu. Bwana Shauri, afisa wa serikali pale bomani, akataka kuona bembea ilianza lini. Kesho asubuhi picha zilitakiwa bomani, zimepangwa kwa miaka, ziingie kwenye faili. Na kilichoingia kwenye faili la boma hakikuwa na desturi ya kutoka.

"Nitajuaje ipi ya kwanza?" alisema Isihaka. "Farasi ni farasi."

"Farasi gani, mzee?" alisema Athumani, aliyeisukuma bembea ile kwa mikono tangu siku ilipofunguliwa. "Wewe ulichonga punda. Watu walipanda huku wanalia kama punda."

"Nilikuwa sijamwona farasi kwa macho. Nilichonga kwa kuelezwa."

"Basi aliyekueleza alikuwa amemwona punda."

Eliwaza alikuwa amesimama na ufagio wake. Aliacha shule darasa la tatu, na katika miaka miwili aliyofagia uwanja ule na kusuka manyoya ya katani, alipokea alichopewa, hakuwahi kuomba kitu.

"Masikio," alisema.

Wote wawili wakageuka.

"Marefu ndiyo ya kwanza. Halafu yalikatwa. Katani ilikuja mwisho."

Isihaka akajipiga paja. "Wallahi! Sherehe ya kutawazwa Malkia, mwaka wa hamsini na tatu! Walinicheka, kesho yake nikachukua msumeno. Masikio yale yalikaa siku moja tu."

"Na karani wa boma alipanda siku hiyo," alisema Athumani. "Aliitwa Bwana Punda mwaka mzima. Hawezi kuyasahau masikio hayo hata akitaka."

"Basi picha ya masikio marefu ndiyo kiwanja changu. Iko wapi?"

Ilikuwa chini ya kiganja cha Eliwaza.

Juu ya punda yule alikaa mwanamke aliyefunua mdomo kwa kicheko, mwanya ukionekana. Pindo la kanga yake lilikuwa na doa jeusi. Aliitwa Koleta. Siku ile aliteremka kutoka Mbaga kuuza tangawizi, akarudi jioni na grisi kwenye kanga, akasema amechafuliwa na lori. Baba akawalaani madereva wiki nzima. Doa halikutoka kwa sabuni wala kwa majivu. Mwaka uliofuata Koleta alifariki, na nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja. Eliwaza alikuwa ameanza kuusahau ule mwanya.

Grisi kama ile, ya mhimili wa bembea, ilikuwa mikononi mwa Athumani kila siku.

Isihaka alikuwa amemgeukia Athumani, wanacheka habari za karani. Picha ingeweza kuteleza kwenye mkunjo wa kanga, na hakuna ambaye angejua imekwenda wapi. Kisha kiwanja kingekwenda kwa mtu wa Mwanga.

Eliwaza aliinua kiganja. Akaiweka picha mwanzo wa mstari, halafu masikio mafupi, halafu katani, mpaka meza ikajaa.

"Mwanangu, umeniokoa," alisema Isihaka. Akazikusanya kwa mpangilio ule ule, akazitia katika bahasha ya kaki, akalamba gundi.

"Mzee, ngoja kidogo."

Isihaka akasimama, ulimi bado nje. Athumani akataka kucheka, akamwona Eliwaza usoni, akaacha.

"Yule aliyempanda punda ni mama yangu," alisema Eliwaza. "Wakishaitazama, mwambie karani sitaki ibaki bomani. Naitaka mimi."